Mtoto Aulizwe Mara Moja

Wiki iliyopita mlinialika Homa Bay nizungumze nanyi maafisa wapya, mkanipa dakika ishirini baada ya chai. Binti mmoja wenu aliyeketi karibu na dirisha aliniuliza, "Madam, unafanyaje ili mtoto aongee?" Muda ulikuwa umekwisha na mandazi yameletwa, kwa hiyo nikamjibu kitu cha juujuu ambacho hata mimi sikukipenda. Tangu siku hiyo swali lake nimelipalilia pamoja na mihogo yangu. Nimeona nikae niandike, kwa sababu swali zuri likijibiwa vibaya linazaa maafisa wabaya, nami nilikuwa afisa mbaya kwa muda mrefu kabla sijawa wa afadhali.

Nilikuwa polisi. Nilistaafu nikiwa sajini, na miaka yangu mingi niliimalizia kwenye dawati la jinsia na watoto, katika vituo vya kando ya ziwa, kwanza upande wa Migori halafu upande wa Homa Bay. Siku hizi mkisema dawati mnamaanisha chumba chenye mlango na pazia. Letu la mwanzo lilikuwa dawati kwelikweli, meza yenye mguu mbovu uliokingwa kwa tofali, imesukumwa pembeni mwa kaunta ambako kila mtu anaripoti kila kitu, kuanzia ng'ombe aliyepotea hadi jirani aliyetukana.

Kwenye meza hiyo ndipo nilipomharibia mambo mtoto wa kwanza. Kituo sitakitaja. Mwalimu alimleta mvulana wa miaka tisa aliyetendewa vibaya na mtu mzima ambaye familia yake ilimwamini. Nilifungua kitabu, nikashika kalamu, nikamwambia, "Sema kwa sauti nisikie." Nilidhani namtia moyo. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wanne, na mmoja wao alikuwa shemeji ya mshukiwa, amekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea. Kabla ya chakula cha mchana ufuo mzima ulikuwa unajua.

Tena mimi sikuwa wa kwanza kumuuliza. Mwalimu alikuwa amemuuliza, mzee wa kijiji akamuuliza, chifu naye. Baada yangu akaulizwa na daktari, na mpelelezi, na afisa wa watoto aliyetoka mjini. Wote tulikuwa watu wazuri na kila mmoja alikuwa na fomu yake. Mara ya saba yule mtoto alisema, "Hakuna kitu ilifanyika." Alikuwa amechoka, na alishagundua kwamba kila anaposema ukweli anapelekwa kwa mtu mwingine auseme tena. Faili likafungwa. Familia ikahama, nami mpaka leo sijui walikwenda wapi. Niliuliza, sikupata jibu, baadaye nikaacha kuuliza.

Hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza. Ya pili ilikuwa Sista Konsolata.

Sista Konsolata alikuwa muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha afya si mbali na Sindo. Mwanamke mfupi wa visiwani, mwenye funguo nyingi kiunoni na uvumilivu kidogo. Siku moja asubuhi alinipigia simu. "Pamela, kuna mtoto hapa. Kuja. Usikuje na Landrover."

Nilitii nusu. Nilikwenda kwa bodaboda, lakini nimevaa sare kamili, kofia, buti na rungu. Sista alinisimamisha mlangoni.

"Unaenda wapi na hizo vitu?"

"Umeniita."

"Nimeita Pamela. Sijaita serikali." Akanipa dera lake nilivae juu ya sare. Lilikuwa limeshonewa mtu mfupi na mnene, na mimi ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo likaishia juu ya magoti na chini yake yakabaki mabuti meusi yanang'aa. Nikaingia hivyo.

Mtoto alikuwa ameketi sakafuni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na moja hivi, mwembamba, viganja vimechanika kwa chumvi na jua. Nitamwita Boke. Si jina lake, na nyinyi nanyi mkisimulia kesi zenu hata mkiwa na nywele nyeupe, msitumie majina ya wenyewe. Mchuuzi wa samaki ndiye aliyemleta. Alimkuta ameanguka kando ya nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, akambeba mgongoni kama anavyobeba karai lake, akamkabidhi Sista akaenda zake sokoni. Mtoto alikuwa amesema maneno mawili tu tangu afike: kwamba anaitwa Achieng, na kwamba anataka kurudi kazini kabla hajatafutwa.

Aliniangalia kuanzia juu. Alipofika kwenye mabuti alikaza midomo, nikaona anajizuia kucheka. Nikaketi sakafuni. Sikuwa nimefundishwa kuketi sakafuni, ila dera lile halikuruhusu kiti.

Chumba chenyewe ninyi mngekiita chumba rafiki kwa watoto. Wafadhili fulani walikuwa wameleta wanasesere wa macho ya buluu wanaofumba macho ukiwalaza, na mtoto mmoja alilia akidhani wamekufa, basi Sista akawafungia kabatini. Ukutani fundi alikuwa amechora mbuta mkubwa, akampa macho ya binadamu. Popote ulipoketi, samaki yule alikuwa anakutazama. Baadaye tulimpaka rangi yeye na macho yake. Kilichobaki cha maana katika chumba kile kilikuwa kopo la vifuniko vya soda, maharagwe kwenye bakuli, na mkeka.

Sista alimwaga vifuniko mkekani akaanza kuvipanga, haulizi lolote. Mimi nikapanga vyangu. Mtoto akavuta vichache. Tulikaa hivyo muda mrefu, na nakiri kwamba nilikuwa nataka kuangalia saa. Sista alikuwa akihesabu kwa Dholuo. Mtoto akahesabu naye kwa Dholuo, polepole, kama mtu anayepita mtoni juu ya mawe. Halafu alipokuwa peke yake na safu yake, akajisahau. "Kumi na sita, kumi na saba," alinong'ona, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vizibo vimepungua."

Sista alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Sisi watu wa ziwa tunajuana. Kwetu mtoto angesema "hizi vifuniko zimekwisha." Hakuna mtoto wa Sindo anayesema vizibo vimepungua.

Muda si muda akaingia Bwana Odhiambo, afisa wa watoto, ambaye Sista alikuwa amempigia pia. Mtu mkubwa mwenye kipara. Boke alipomwona alisimama, akashika mikono mbele, akasema, "Shikamoo." Odhiambo, ambaye alizaliwa Ndhiwa na hakuwahi kuamkiwa hivyo maishani mwake, alijibu, "Nzuri sana."

Hapo mtoto alicheka. Alicheka mpaka akakaa. Nasi tukajua kwamba huyu si Achieng, na kwamba ametoka ng'ambo ya mpaka.

Sasa sikieni tulivyofanya, maana hiki ndicho binti wa dirishani alichokuwa anauliza. Hatukumrukia. Sista alimpa uji, akampaka dawa mikononi, na kila alichotaka kufanya alikisema kwanza: sasa nitashika mkono wako wa kulia, ukiuma niambie niache. Sisi wawili tukatoka nje, tukasimama nyuma ya tangi la maji, tukagombana. Mimi nilitaka maelezo yangu ya polisi. Odhiambo alitaka yake ya idara. Sista akatoka akiwa na daftari.

"Kila mtu aniandikie kitu anataka kujua," alisema. "Nataka karatasi moja. Mtoto ataulizwa mara moja, na mtu mmoja."

"Nani?" nikauliza.

"Yule amemchekesha."

Kwa hiyo aliyeuliza alikuwa Odhiambo. Mimi niliketi pembeni, nyuma kidogo, naandika. Kabla ya kuanza alimweleza sisi ni nani, kila mmoja na kazi yake, na kwa nini naandika. Alimwambia, "Ukiwa hujui, sema hujui. Nikikosea, nirekebishe." Kisha akamjaribu: "Nimesikia una miaka ishirini." Boke akasema, "Hapana, kumi na moja." "Vizuri," akasema Odhiambo, "umeona ulivyonirekebisha?" Hila hiyo ndogo nimeitumia miaka yote iliyobaki. Mtoto akishaona kwamba mtu mkubwa anaweza kusahihishwa na asikasirike, mambo mengi yanalegea.

Hakumuuliza "kwa nini" hata mara moja. Ukimuuliza mtoto kwa nini hukukimbia, kwa nini hukumwambia mtu, anasikia kwamba kosa ni lake. Alisema tu, "Niambie siku uliyotoka nyumbani," halafu akanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu. Mimi nilikuwa nauma kalamu.

Boke alisema. Alikuwa wa darasa la tatu, kwao upande wa Tarime, baba amefariki. Baba yake mdogo alimwambia mama kwamba kuna familia Kenya itamsomesha. Akapelekwa ziwani, akapandishwa mtumbwi wa injini pamoja na magunia, wakashuka Muhuru Bay mchana kweupe, katikati ya watu wanaouza na kununua. Mtu aliyempokea alimwambia kuanzia leo wewe ni Achieng. Akafikishwa Sindo kwa mwanamke ambaye nitamwita Mama Vero. Shule hakuiona. Alianika omena, akaanua omena, akalea watoto wadogo wawili, akapika. Akizungumza lugha ya kwao alichapwa, akizungumza Kiswahili alichapwa pia, mpaka Dholuo kikamwingia. Miaka miwili. Alisimulia kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Wapo wanaodhani mtoto asiyelia anadanganya. Wengi hawalii. Andika anachosema, kwa maneno yake. Mimi niliandika "mtumbwi ulinuka mafuta nikatapika kwenye leso ya mama," wala sikuandika "mwathiriwa alisafirishwa kwa chombo cha majini." Ile leso ndiyo iliyokuja kuaminika mahakamani.

Mwishoni aliuliza, "Nitarudi kwetu lini?"

Nilifungua mdomo kusema kesho. Odhiambo akaniwahi. "Sijui siku. Lakini kila Ijumaa nitakuja kukwambia tumefika wapi, hata kama hatujafika popote." Na kila Ijumaa alikwenda. Ijumaa moja alikwenda na homa kali, akamwambia hakuna jipya, akarudi kulala.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili. Msidhani baada ya shule ile ya kwanza nilikuwa nimeiva.

Tulikuwa na kundi la WhatsApp la wadau wa watoto. Machifu walikuwemo, walimu, wachungaji, wazee wa kamati za ufuo, watu wengi kuliko waliowahi kufika kwenye mkutano wetu hata mmoja. Jioni hiyo nikiwa na furaha ya kazi nzuri, nilituma picha ya Boke. Niliandika: mtoto huyu amepatikana, yuko kituo cha afya fulani, anayejua wazazi wake awasiliane na Sajini Pamela. Nilijua sheria inakataza. Nilijiambia nia ni njema, na kundi ni letu sisi kwa sisi. Mkumbuke hili: kushirikiana si kumwambia kila mtu kila kitu. Kushirikiana ni kila mtu kujua kile tu kinachomwezesha kufanya sehemu yake.

Kesho yake saa nne Mama Vero alikuwa mlangoni, amevaa nguo za kanisani, na wazee wawili wenye heshima, na barua yenye muhuri.

"Nimekuja kuchukua mtoto wangu," alisema. "Ni wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa na miezi. Ako na ugonjwa wa kichwa, anasema vitu."

Alizungumza kwa upole. Barua ilisema hivyohivyo. Wazee wakatikisa vichwa, na nina hakika waliamini wanasema kweli. Tulikuwa kwenye ofisi ndogo ya Sista, mimi, Odhiambo na wao. Odhiambo aliwakaribisha viti, akatoa kalamu, akaanza kuuliza maswali mepesi kama anayejaza fomu ya chanjo. Mtoto alizaliwa wapi? Kliniki alipelekwa wapi? Kadi iko? Alisoma shule gani?

"Hakupenda shule," alisema Mama Vero.

"Alianza ipi kabla ya kutoipenda?"

Mama Vero akaweka mikono mezani. "Sasa tunasumbuana kwa nini? Mwite tu. Mulize mbele yangu kama mimi si mama yake. Akikataa, naenda."

Mzee mmoja akasema, "Hiyo ni haki."

Na hata mimi niliona ni haki. Kipolisi mtu anatambuliwa, jambo linakwisha. Nilishaanza kunyanyuka. Odhiambo akanikanyaga buti chini ya meza, kwa kisigino, bila kubadilisha uso.

"Mtoto haitwi," aliwaambia. "Mtoto yuko chini ya uangalizi, na hakimu ndiye ataamua. Mama, maelezo yako nimeyaandika. Soma, uweke sahihi."

Walipotoka nilikwenda chumba cha pili. Boke alikuwa ameisikia ile sauti ukutani. Alikuwa chini ya kitanda, ameshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, ile mikono yenye vidonda, na Sista amelala sakafuni kando yake na funguo zake zote, anamwambia kwa sauti ndogo kwamba mlango umefungwa na ufunguo ni huu hapa. Akaupitisha ufunguo chini ya kitanda Boke aushike mwenyewe. Kama ningemwita ofisini, angesimama mbele ya yule mama na angesema, "Ndiyo, ni mama yangu." Nina hakika. Nasi tungewapungia mkono.

Sista alinitoa nje nyuma ya lile tangi la maji. Sikuwahi kugombezwa vile hata na wakufunzi wa chuo cha polisi Kiganjo. Aliniambia, "Umemtafuta mama yake kwa megafoni, akaja mwenye alimwiba." Nikafuta picha. Nikapiga simu kwa kila mtu niliyeona ameiangalia, mmojammoja, nikimwomba aifute, nikikiri kosa ni langu. Ilinichukua siku mbili, na aibu yake ilinifaa. Alasiri hiyohiyo Odhiambo aliomba amri ya mahakama, Boke akahamishiwa kwa mwalimu mmoja mstaafu mjini Homa Bay aliyekuwa amepitishwa kulea watoto wa namna hiyo. Watu watano tu tulijua nyumba yenyewe. Chifu aliyeweka muhuri kwenye barua hakuwa miongoni mwao, ingawa alikuja kuniomba radhi. Alisema alimwamini jirani.

Mama Vero alikamatwa wiki hiyo. Kesi ilichukua muda, kama kesi zinavyochukua. Siku moja kabla ya Boke kutoa ushahidi tulimpeleka kuiona mahakama ikiwa tupu. Karani, mama mwenye roho nzuri, alimwacha aguse kila kitu. Boke aliuliza mshtakiwa atakaa wapi, kisha akahesabu hatua kutoka pale hadi kiti chake yeye. Tukamwonyesha pazia litakapokaa, akasimama upande huu na karani upande ule, wakahakikisha hawaonani. Mambo haya hayana gharama. Ila lazima mtu akumbuke kuyapanga, na anayekumbuka mara nyingi si mkubwa wa ofisi.

Asubuhi yake ikawa karibu tushindwe kwa sababu ya kitu kingine kabisa. Mwendesha mashtaka, kijana mpole, alianza vizuri. "Achieng, hujambo?"

Kimya.

"Achieng, uko tayari kutuambia kidogo?"

Nilikuwa nimeketi nyuma, nikaona mabega ya mtoto yamepanda hadi masikioni. Wakili wa upande wa pili akaanza kufunga karatasi zake. Nikamkumbuka yule mvulana wa kaunta. Hakimu, mwanamke wa makamo, aliinama mbele.

"Mtoto, unasikia unachoulizwa?"

"Nasikia."

"Mbona hujibu?"

"Anamuuliza Achieng. Achieng si mimi."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Boke, binti Mwita."

Nilitamani sakafu inimeze. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya vile vifuniko, Sista aliponisomea jina lililoandikwa kwenye kadi ya hospitali, nililinakili. Kutoka kwenye daftari langu likaenda kwenye faili, kutoka kwenye faili likaenda kwenye hati ya mashtaka, na katika mikono yote hiyo hakuna aliyerudi kusahihisha. Tulikuwa tumemwita mahakamani kwa jina alilopewa kwa fimbo. Mwendesha mashtaka akasimama kuomba hati irekebishwe. Hakimu akakubali, ikaandikwa upya, tukasubiri karibu nusu saa, Boke akila ndizi. Kesi ilipoendelea, mabega yake yalikuwa yameshuka. Alizungumza saa nzima kwa Kiswahili kilichomfanya karani aandike kwa nidhamu. Mama Vero alifungwa. Mwenye mtumbwi hakupatikana, na yule aliyempokea Muhuru Bay hakupatikana. Nawaambia ili msidhani kila kitu hufungika vizuri.

Wengi wenu mngesimamisha hadithi hapo, mtoto arudi kwa mama yake, picha ipigwe. Mimi nilitaka hivyo. Mama alikuwa amepatikana kupitia afisa wa ustawi wa jamii wa upande wa Tanzania, dada mmoja mtulivu ambaye Odhiambo alimfahamu kwa kukutana naye mara kwa mara pale mpakani Sirari. Nilisema tumpakie mtoto garini Jumatatu. Yule dada akasema, kwa adabu za kwao, "Sajini, naomba tukawatembelee kwanza sisi wenyewe."

Tukaenda. Mama alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayeonekana kama ana hamsini. Alipoambiwa mtoto yu hai alikaa chini kwenye majani ya mahindi. Miaka miwili alikuwa akiletewa habari kwamba Boke anaendelea vizuri na masomo, amekuwa wa pili darasani, amepewa sare mpya. Habari zote alikuwa akiletewa na shemeji yake, yule baba mdogo wa Boke. Na shemeji mwenyewe alikuwa pale, ua huohuo, nyumba ya tatu, ametoka kutusalimia akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Hatukumrudisha Jumatatu. Yule shemeji alichukuliwa na polisi wa kwao, lakini ukoo uligawanyika, wengine wakimlaumu mtoto kwa kumfunga mzee. Mtoto hawezi kulala katikati ya maneno hayo. Zilipita wiki nyingi za vikao, sisi upande huu na wao upande ule, mpaka ikakubaliwa Boke akaishi kwa mama yake mdogo, kijiji kingine, na mama ahamie huko naye atakapovuna. Siku tuliyomvusha mpaka mama alikuwa amesimama upande wa pili tangu asubuhi. Sitaelezea walivyokutana. Nilikuwa najifanya nasoma karatasi.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kabla ya hapo nilikwenda kumwona mara moja, na yule dada wa ustawi wa jamii, kwa gari lake la ofisi lenye maandishi mlangoni. Tulimkuta shuleni, wakati wa mapumziko. Amerefuka. Mikono imepona, imebaki na alama. Wenzake walijaa dirishani kutuangalia. Nilikuwa nimemletea madaftari na maneno mengi ya kumwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, naomba nikwambie kitu."

"Sema."

"Mkija na gari hili wanauliza nyinyi ni nani. Nikiwajibu, wanauliza tena."

"Unataka tusije?"

Alifikiri, akiangalia viatu vyake. "Shuleni msije."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nitawaita. Nikiwa mkubwa."

Nikamwambia ni sawa, na ahsante kwa kuniambia. Kengele ikagongwa. Alichukua madaftari, akaenda, akachanganyika na sare za wengine, kutoka pale nilipokuwa sikuweza tena kumtofautisha. Mwenzangu akaniuliza kama ningependa tusubiri mpaka masomo yaishe, tumuage vizuri. Nikamwambia awashe gari.